Injili Nyuma ya Migomba

Kijijini kwetu, milimani juu ya Kisiwani, wokovu uliitishwa kwa pembe. Sisemi kwa mafumbo. Pembe ileile iliyotutoa majumbani kwenda kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kutengeneza barabara, ililia Jumamosi moja asubuhi baada ya wazee wa kanisa kuazimia kwamba kila Mkristo ana wajibu wa kumpelekea mwenzake tumaini la wokovu, na kwamba kaya isiyotoa mtu itachukuliwa hatua. Ilikuwa miaka ya Ujamaa na nchi nzima ilikuwa inaazimia. Hata kisima cha chini kilikuwa na mwenyekiti, katibu na kaulimbiu, na kanisa lisingekubali kupitwa na kisima.

Shida ikawa moja tu: hapakuwa na wa kuhubiriwa. Sisi tulishabatizwa wote, babu zetu kabla yetu, na watoto wetu kabla hawajaota meno. Watu walitoka wakiwa na Biblia zao kwenda kuwahubiria majirani, wakakuta majirani nao wametoka kwenda kuwahubiria wao. Wakakutana njiani, wakaombeana, wakarudi nyumbani kula. Waliokuwa hawajasikia neno walikuwa huko bondeni, vibarua wa mashamba ya mkonge waliotoka kila pembe ya nchi, lakini bondeni kuna joto na mbu, na mzee mmoja wa kanisa alieleza vizuri sana kwamba hata mitume walianzia Yerusalemu. Katika Yerusalemu yetu alikuwa amebaki mtu mmoja asiyebatizwa. Mtu huyo alikuwa bibi yangu, mzaa mama.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa bado, na nilikaa kwa bibi ili asiwe peke yake. Kwa hiyo niliuona msafara wote ukipita mlangoni. Walikuja akina mama wa umoja wa kanisa wakiwa wamevaa vitambaa vyeupe kichwani, wakaimba mpaka kuku wakahama. Ikaja kwaya ya vijana. Akaja mzee wa kanisa aliyekuwa bingwa wa jehanamu, alimwelezea bibi moto ule kwa muda mrefu sana, kuni zake, ukali wake na moshi wake, mpaka bibi akamwambia kwa Kipare chake cha taratibu, "Baba, kwa kuwa moto unaujua hivyo, hebu nipulizie huu wangu, umezimika nikikusikiliza wewe." Akaupuliza. Alitoka pale na majivu kwenye koti, na Jumapili akatangaza kanisani kwamba ameona dalili za kulainika.

Usifikiri bibi alichukia. Alifaidi. Mtu haji kumwongoa mzee mikono mitupu, kwa hiyo ziliingia kuni, maharage, ndizi, hata sukari, na sukari ya miaka ile ilikuwa ya kutafutwa. Alikubali vyote, akashukuru, akawasindikiza wageni hadi uwanjani. Wakimuuliza, "Sasa bibi, unasemaje?" alijibu jibu moja kwa wote: "Ninyi mmesema vizuri. Lakini mwenye neno hajaniambia."

Mwenye neno alikuwa baba yangu. Ndiye aliyekuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, na nyumba yake ilitenganishwa na ya bibi na migomba tu. Na hapo ndipo mambo yalipokwama, maana baba alikuwa mkwe wake.

Kwa mila zetu za wakati ule, mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, na hawakuzungumza ana kwa ana. Baba akimwona bibi njiani, aliacha njia na kuingia shambani, hata kama amevaa viatu vya kanisani na shamba limemwagiliwa. Nilishamwona mtumishi wa Mungu amejibanza nyuma ya bua moja jembamba la mahindi, tumbo limejitokeza huku, Biblia imejitokeza kule, na bibi akipita polepole makusudi huku akisifia mahindi.

Sasa litazame hili kwa upande wa pili. Baba hakuwa mwoga wa watu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akishuka bondeni kwa miguu kwenda kwa wale vibarua wa mkonge ambao wazee hawakuwafuata kwa kuogopa mbu. Alihubiri kwenye makambi yao, katikati ya walevi na wacheza karata, akirudi amejaa vumbi na furaha. Watu aliokuwa hajui hata makabila yao aliwaambia kwamba wanapendwa. Lakini mwanamke aliyemzalia mke, huyo hakuweza kumwambia hata shikamoo.

Alijaribu, nisimsingizie. Njia yake ilikuwa hii: anasimama nyuma ya migomba, mama yangu anasimama upande wa uwanja wa bibi akijifanya anaokota kuni, kisha baba anapaza sauti kama anayeongea na mkewe.

"Mke wangu, unajua kwamba Mwokozi alikuja kwa ajili ya wazee pia?"

"Najua, baba."

"Na kwamba kwake hakuna aliyechelewa?"

"Najua."

"Hata kama amekataa miaka yote?"

Na bibi kutoka ndani: "Mwanangu, mwambie mumeo kwamba wewe na migomba mmeshaelewa!"

Siku moja nilimuuliza bibi kwa nini anamng'ang'ania baba, wakati kijiji kizima kimeshamweleza yaleyale. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. "Hata mwanangu alimwoa kwa midomo ya wajomba zake," alisema. "Sikumsikia hata siku moja akisema anamtaka. Nikanyamaza, ndiyo mila. Lakini hili wanasema ni la uzima na mauti. Mtu akiona nyumba yangu inaungua, atatuma mshenga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Msimu wa mvua za vuli bibi akaanza kuvimba miguu, kisha pumzi ikawa fupi. Mganga wa zahanati alimpa vidonge na kunitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Hapo msafara wa wahubiri ukapungua, maana mgonjwa hapokei maharage kwa bashasha, na sisi tukabaki wawili. Mchana mmoja, nikimgeuza kitandani, aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Kabla ya mama alikuwa amezaa watoto watatu, na wote aliwazika wadogo. Alitaja majina yao taratibu, kama anayewaita waje kula.

"Wanasema kwenye hilo neno lenu watu wanaonana tena. Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi."

Alinishika mkono. "Wewe unanipenda, mjukuu wangu. Utasema lolote nilale vizuri. Na hao wengine, kwao mimi ni wa kuhesabiwa tu. Nataka nisikie kwa mtu anayeniogopa. Yule akivuka ile migomba akaja kuniambia, nitajua ni kweli. Nenda kamwite."

Nilikimbia. Nilimkuta baba amekaa uwanjani, nikamweleza neno kwa neno, na nilimwona akifunga macho. Alisimama, akavaa koti. Nikadhani anakuja.

Kumbe kulikuwa na utaratibu. Mkwe aliruhusiwa kufungua mdomo mbele ya mama mkwe, mila haikuwa katili kiasi hicho, lakini ilibidi alete mbuzi na mtungi wa dengelua, pombe yetu ya miwa, inywewe na kaka zake bibi, ndipo aibu iondoke kati yao. Mbuzi baba alikuwa naye. Dengelua ndiyo ilikuwa balaa. Kanisani kwetu mtu aliyekutwa na pombe, iwe tumboni au mkononi, alitengwa na meza ya Bwana, na aliyekuwa akiwasomea watu majina ya waliotengwa ni baba mwenyewe.

Mtu mwenye akili timamu angesema: basi vunja mojawapo. Vunja mila, au vunja sheria ya kanisa, mama wa watu anakata roho. Sisi hatukuwa na akili timamu, tulikuwa na kamati.

Wazee wa kanisa walikutana na kaka zake bibi. Mzee mmoja akapendekeza chai yenye maziwa iwe mahali pa dengelua. Mjomba mkubwa, kaka yake bibi, naye Mkristo aliyebatizwa na anayeshiriki, akasema chai haijawahi kumfungua mtu mdomo, labda kwa kuungua. Balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa amealikwa kwa heshima, akapendekeza togwa, na akaeleza nafasi ya togwa katika kujitegemea. Bingwa wa jehanamu aliuliza: mwinjilisti akitenda dhambi moja ili kuokoa roho moja, hesabu inakuwaje? Mjomba akauliza ni nani atawajibika mkwe akipofuka kwa kuvunja mwiko. Nilisimama dirishani nikisikiliza na nilitamani kurusha jiwe. Mwisho waliazimia suala lipelekwe kwa mchungaji, Same.

Na baba akaenda. Alishuka mlima, akapata lori la kumfikisha mjini, akamngoja mchungaji aliyekuwa ziarani. Muda wote huo bibi alikuwa ameomba kitanda kisogezwe ili auone mlango. Mama yangu alikaa miguuni pake akimkanda, na kila mbwa akibweka nje wote wawili walinyanyua kichwa.

Baba alirudi mchana, amechoka, akiwa na jibu la mchungaji. Jibu lilikuwa: "Tumieni busara." Hilo ndilo alilolibeba kutoka Same hadi juu mlimani. Nilimwona akipanda njia, nikamwambia, "Baba, pitia kwa bibi kwanza, hali si nzuri." Akasema wazee wamekaa wanamsubiri, hawezi kwenda kinyume cha kikao, atawapa jibu mara moja kisha aje. Akageukia kanisani. Ndani ya kikao, niliambiwa baadaye, waligawanyika juu ya maana ya busara. Upande mmoja ulisema busara ni kuruhusu dengelua bila kuitazama. Upande wa pili ulisema busara ni kusubiri. Walikuwa wamefika kwenye mengineyo wakati mama yangu alipopiga yowe.

Mazishini tuligundua kwamba tatizo lilikuwa limejitatua. Mila husema aibu ya ukwe huisha mtu akifa. Maiti hana mkwe. Bila mbuzi, bila mtungi, bila mchungaji, baba alivuka migomba mbele ya watu wote, akaenda kusimama kwenye jeneza, akamtazama bibi usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Akasema, "Mama."

Kisha akahubiri. Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, mengine kwa vipaza sauti, na sijasikia yaliyoyafikia yale. Alimwambia kwamba anapendwa, kwamba hakuna aliyechelewa. Aliwataja wale watoto watatu kwa majina, niliyokuwa nimempa mimi, akamwambia atawaona, atawashika. Hakupaza sauti hata kidogo. Aliongea naye kama mtu aliyeketi naye jikoni. Wanaume walilia. Mjomba mkubwa, mlinzi wa mtungi, alilia kwa sauti. Bingwa wa jehanamu alimshika baba mkono baadaye akasema, "Mwinjilisti, leo umetimiza wajibu wako," na wazee wote wakaitikia, na mmoja akapendekeza mahubiri yale yarudiwe kwenye semina ya mtaa.

Mimi nilikasirika, na nasema wazi kwamba hasira hiyo ninayo mpaka leo. Nilimpenda baba, nikasikia kila neno ni kweli, na nilitaka kumkamata koti nimtikise.

Watu walipotawanyika alinifuata nilipokuwa nikikusanya vikombe. Macho yalikuwa mekundu. Alisimama kando kidogo, kama ambaye hajui aweke wapi mikono, halafu akaniuliza bibi alisema nini mwisho.

"Aliuliza kama umerudi kutoka Same."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia umerudi, uko kwenye kikao."