Walivyonisahihishia Familia Yangu

Nikisikia harufu ya majani ya viazi yaliyopondwa, sikumbuki chakula, nakumbuka ubao. Shuleni kwetu Kirushya rangi ya ubao haikununuliwa. Kila Ijumaa wasichana tuliyaponda majani hayo, tukachanganya na unga mweusi wa betri kuukuu za redio, tukasugua mpaka mikono yetu ikawa kama ya wachoma mkaa. Mbele ya ubao huo, nikiwa darasa la saba, nilitendewa jambo ambalo mpaka leo, nina wajukuu, halijanitoka rohoni.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Kaka yangu Venansi, aliyekuwa mgambo, alipandishwa lori pamoja na wenzake, akaenda vitani. Nyumbani kila mtu akabaki na kungoja kwake. Baba alishinda kwenye shamba la kijiji cha ujamaa, akilima mpaka giza. Mama alirudi kila asubuhi kwenye migomba yetu ya zamani, kule tulikoondolewa tulipohamishiwa kijijini, akalie huko peke yake. Bibi alikaa mlangoni na rozari.

Mwalimu Zakaria, aliyetufundisha Kiingereza, alitangaza kwamba wageni wa wilaya wangekuja, na insha bora ingesomwa mbele yao na mbele ya wazazi. Niliandika juu ya Venansi. Insha yangu ikashinda, nami nikakimbia nyumbani kumwambia baba.

Siku mbili kabla ya wageni, mwalimu aliniita niandike ubaoni sentensi yangu moja: "My family are waiting for him." Nilitaka kusema kwamba familia yangu wanamngoja.

"Generoza, una familia ngapi?"

"Moja, mwalimu."

"Moja ni is! Hiyo are ni ya wengi. Umeitoa wapi?"

"Lakini tuko wengi, mwalimu. Na kila mtu anamngoja kivyake."

Darasa likacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa naeleza hali ya nyumbani kwetu. Mwalimu akaona nimemjibu kijeuri. Nilichapwa viboko vinne. Hivyo nisingevikumbuka, maana nani hakuchapwa siku zile? Kilichonichoma ni kwamba alifuta lile neno, akaweka lake, kisha akampa Editha, jirani yangu wa dawati, aisome insha yangu.

Siku ya wageni baba alikuja amevaa shati lake la kanisani, miguu bado ina udongo wa shamba. Nilisimama mstari wa nyuma, nikamsikia Editha akimtaja kaka yangu kwa sauti nzuri, kama kwamba ni kaka yake. Baba hakujua Kiingereza, ila jina la mwanawe alilisikia. Alipiga makofi huku akinitafuta kwa macho.

Venansi alirudi, namshukuru Mungu, akiwa amekonda na mkimya. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu. Chuoni ndipo nilipofungua kitabu cha sarufi nikakuta imeandikwa waziwazi: neno la kundi kama familia laweza kuchukua kitenzi cha umoja kundi likitenda kama kitu kimoja, na Waingereza wenyewe hutumia cha wingi wanapowafikiria watu waliomo, mmoja mmoja. Nilikifunga kitabu kwa kishindo, wenzangu wakageuka. Mtoto wa Kirushya alikuwa amesema sawa!

Baadaye nilielewa kwamba Mwalimu Zakaria alifundishwa kanuni moja, labda kwa viboko pia, na hakuwa na kitabu cha kumwambia zaidi. Hilo namsamehe. Kuninyang'anya insha yangu simsamehe.

Maana jioni ile ya siku ya wageni, njiani, baba aliniuliza, "Mbona hukusoma wewe, mwanangu?"

Nikamjibu, "Koo liliniuma, baba."

Nilimdanganya baba yangu mzazi ili mwalimu asivunjiwe heshima, na hakuna aliyenituma. Baba amekufa akiamini kwamba nilikuwa mgonjwa.