Mvushaji wa Mistari Miwili

Ile siku shangazi yangu Zuhura alipolia, mwanangu, naikumbuka kama ya jana. Alikuwa amefiwa na mumewe, akaja kukaa eda kwetu Makorora, na tangu mazishi hakuwa ametoa chozi. Wala hakusema. Sahani ya chakula ikipelekwa chumbani ilirudi imemegwa tonge moja tu, na hilo nadhani alilila kwa kutuonea haya. Mama alikuwa akisema jikoni, sauti chini, "Huyu tukimtazama hivihivi atamfuata mumewe." Nikapewa kazi ya kukaa naye kila nikitoka shule.

Sasa wewe fikiri, msichana wa kidato cha pili utamwambia nini mtu asiyejibu? Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kusoma kisichokuwa cha shule. Mama alikuwa akiuza mitumba sokoni, na ndani ya mfuko wa koti la mtoto nilikuta kijitabu cha maelekezo ya gemu, vile vilivyokuwa vikija ndani ya boksi pamoja na kaseti yake. Gemu yenyewe hatukuwa nayo. Mashine hatukuwa nayo. Televisheni ilikuwa kwa jirani. Nikachukua kamusi, nikaketi kwenye mkeka karibu na kitanda cha shangazi, nikaanza kumsomea kwa Kiswahili changu cha kuungaunga.

Mwanzoni ni vifungo: hiki cha kuruka, hiki cha kupiga. Nikajua nimepotea njia. Lakini nilipofungua ukurasa unaofuata nilikuta watu. Kulikuwa na msichana anaitwa Tila, ambaye kijiji chao kimemezwa na ukungu na kaka yake yumo humo. Kulikuwa na babu mhunzi aliyeapa hatafua tena upanga, na sababu yake imeandikwa. Hata madubwana yalikuwa na habari zao. Moja la mapangoni, dogo, waliliandika kwamba linaogopa mwanga na linapenda asali. Nilishangaa, na mshangao ule haujanitoka. Dubwana litakalopigwa na kidole gumba na kupotea, na bado kuna mtu mahali fulani aliketi akafikiri linapenda kula nini.

Shangazi alikuwa amelala ameelekea ukutani. Siku ya tatu au ya nne akageuka. Akawa ananitazama ninavyosoma. Basi nikapata kichwa, nikawa nakimbilia kwa Tila, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mapanga na moto.

"Umeruka," akasema shangazi.

Moyo ulinilipuka, maana hiyo ndiyo sauti yake ya kwanza niliyoisikia tangu aje.

"Ni watu wadogo tu, shangazi. Wako chini kabisa ya ukurasa, picha zao kama punje."

"Nimekuuliza udogo wao? Aliyewaandika hakuwaona wadogo. Rudi, mwanangu, uwasome."

Nikarudi. Muuza mkate. Mlinzi wa lango. Kisha Mvushaji, ambaye hakupewa hata jina, mistari miwili tu. Nikapekua kamusi, nikamsomea polepole: "Amevusha kila mtu katika nchi hii. Hakuna aliyewahi kumuuliza anakaa upande gani."

Sikufikiri, nakwambia kweli. Mume wa shangazi alifanya kazi kwenye pantoni ya Pangani, kuvusha watu na magari kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, na kurudi, tangu ujana wake mpaka alipougua. Hilo lilinijia baada ya kuwa nimekwisha kusoma, nikaogopa kuinua macho. Shangazi alikaa kitako kitandani, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Alilia mpaka mama akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Alipotulia akasema, "Nani huyo amemjua mume wangu?" Kisha akauliza kama kuna bada, ule ugali wetu wa muhogo. Mama alisonga bada ile huku machozi yanamtoka, na shangazi akala na mchuzi wa papa mpaka akafuta sahani.

Tukakisoma kijitabu kile mpaka kikaachana. Nami kila mara nilistaajabu kwamba kinakoma pale hadithi inapoanza. Kinakupa watu, kinakwambia wamepoteza nini, kisha kinanyamaza. Shangazi alisema ni kama kuletewa wageni mlangoni, kuwakaribisha ni juu yako.

Eda ilipokwisha, mtaa wa pili kijana mmoja alikuwa amefungua kibanda cha gemu, mashine na kaseti kazitoa Mombasa. Kaseti moja ilikuwa na picha ya Tila. Shangazi akavaa buibui tukaenda. Vijana wakampisha kwa shikamoo nyingi, wakidhani amekuja kumtafuta mtoro. Tila alifika mtoni, na pale ukingoni akatokea kijitu kidogo cha kofia, maneno yakaanza kujiandika chini yake. Kijana anayecheza akaanza kubonyeza yapite.

"Mwache aseme, baba," shangazi akamwambia. "Huyo kavusha watu wote, hajaulizwa anakaa upande gani."

Kijana akaondoa kidole. Shangazi akasogea karibu na kioo akasema, "Upande wetu, Pangani."

Jana nimekuona na simu yako, mwanangu. Kila maandishi yalipotokea uliyabonyeza yakapita, ukafika mwisho ukasema umeshinda. Sikukugombeza, na leo sikugombezi. Gemu zenu haziji na vijitabu, lakini watu wamo mle, na yuko aliyekaa akawafikiria. Wasome. Msome hata wa mistari miwili. Ukizoea kumsikiliza wa kwenye kioo, utamuuliza na wa kwenye pantoni anakaa upande gani, kabla mkewe hajakaa eda.

Mungu akupe jicho lisiloruka mtu, mwanangu, na siku utakapokuwa wewe ndiye wa chini ya ukurasa, akujaalie wa kukusoma.