Bunduki Iliyosuguliwa

Mume wangu alikuwa fundi saa, na Maskati hapakuwa na saa za kutengeneza. Nnaanzia hapo kwa sababu watu waliokuja kwetu Matrah, ubavuni mwa Maskati, na kuziona bunduki zile ukutani walidhani nimeolewa na mtu wa vita. Wallahi hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Tulitoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, na kitu pekee alichokikumbatia njia nzima kilikuwa kisanduku chake cha bisibisi. Tulipofika akakaa barazani akiitazama mikono yake. Watu wa hapa wakati waliujua kwa adhana na kwa jua. Lakini kila mwanamme alikuwa na bunduki, na bunduki zenyewe kuukuu, zilizopigana vita vya babu zao na vya babu za Wazungu. Siku moja Mbedui akamletea moja iliyokwama. Akaifungua, akaanza kucheka peke yake.

"Saa tu hii," akanambia, "ila inapiga mara moja, kisha unakufa."

Basi, keshanasa. Aliyeshindwa kumlipa alimwachia bunduki mbovu, naye akachukua mbovu mbili akazifanya nzima moja. Alikuwa na Martini za Kiingereza za risasi moja moja, zile Waarabu wanaziita sum'a. Alikuwa na moja ya Waturuki, maandishi yake juu ya chuma yamelika. Akizijua kila moja ilivyo na tabia yake: hii inavuta kushoto, hii ina teke litakalokuvunja bega. Ijumaa baada ya sala alikwenda kwa ami yake, kijijini Ansab, kulikokuwa na mitende michache na mawe matupu, wakapiga shabaha bondeni. Risasi zilikuwa adimu, kwa hivyo kila wakipiga huinama wakaokota maganda yake kwenda kuyajaza tena. Watu wazima na ndevu zao, wameinama kama kuku! Mie nikikasirika. Nyumba haina hata kitanda cha maana, ina bunduki kila ukuta.

Hasira zangu lakini hazikuwa za bunduki. Mama yangu alikuwa kabaki Unguja, peke yake.

Sisi tuliingia nchini kwa sababu baba yake mume wangu ni mtu wa hapa, na huyo ami yake alisimama mbele ya wakubwa akasema, huyu damu yangu. Mama yangu alikuwa mwanamke wa Makunduchi. Baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa Mwarabu, alikwishakufa zamani, na jamaa zake hatukuwajua. Siku zile mtu hakuingia Maskati kwa kutaka kwake. Lazima mzee wa kabila akusemee. Na sisi mzee wetu ni huyo huyo mmoja, mkavu, hajui neno la Kiswahili, na anatwita "Wazinjibari" kama unavyomtaja mgeni aliyepitisha siku zake. Mara mbili mume wangu alimwomba amsemee mama. Mara mbili aliambiwa inshaallah, na sote twaijua inshaallah ya namna ile.

Ikaja Idi. Ansab ilikuwa ada wanaume kupiga shabaha asubuhi ya Idi: jiwe linapakwa chokaa, linawekwa juu ya mlima, na kila mmoja anapiga kwa zamu. Sie wanawake tulitazama nyuma ya ukuta. Jamaa wakajaribu, wakakosa, vumbi likaruka huku na huku. Zamu ya mume wangu ilipofika niliwasikia vijana wakichekana, maana kanzu yake ilikuwa ya Unguja na jambia lake la kuazima. Akalala chini na ile sum'a yake kongwe kuliko zote. Jiwe likapasuka vipande viwili.

Ami akamshika mkono, akamnyanyua mwenyewe. "Leo ndiyo umekuwa mwana wa ndugu yangu," akasema, na mume wangu akaja kunifasiria huku machozi yanamtoka. "Na yule mama mkwe wako, nitamsemea. Idi ikishapita, nitakwenda."

Nilipiga kigelegele hadi nikaona haya. Wiki ile ile nikampata mtu anayekwenda Mombasa, ambaye jamaa zake huvuka kwenda Unguja. Nikampa salamu: mwambieni mama ajitayarishe, ami keshakubali.

Kabla hatujaondoka Ansab siku ile ya Idi, ami akaingia ndani akatoka na bunduki iliyofungwa katika shuka. Ilikuwa ya ndugu yake mdogo, aliyeuawa katika vita vya milimani. Springi yake imekatika. Hakuwahi kumpa fundi yeyote. "Ifanye ipige tena," akasema. Hakusema la zaidi. Watu wa hapa husema kidogo, na lile wasilolisema wanadhani nawe umezaliwa nalo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo roho yangu ilipokatika, na hata leo nikikumbuka nnatamani kupiga mtu. Springi mume wangu aliimaliza siku ile ile. Angeirudisha vile vile ilivyo, leo nnasimulia hadithi nyengine. Lakini yeye ni mtoto wa Unguja. Kwetu Idi ikikaribia, shaba za mlango zinasuguliwa kwa limau na jivu hadi ujione uso, na kasha la bi harusi linapakwa mafuta hadi ling'are. Kitu cha mtu hakitoki kwa fundi kichafu, huko ni kumvunjia heshima mwenyewe. Akachukua msasa, akausugua mti wa ile bunduki hadi ukawa mwekundu kama mpya. Zile pete za shaba akazipa limau na jivu. Ngozi kuukuu iliyofungwa kwenye mpini akaifungua akaitupa, akafunga mpya. Siku ya tatu akanionesha. Nikasema mashaallah, kwa sababu kweli ilikuwa nzuri.

Ami alikuja mwenyewe kuichukua. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika birika la kahawa. Mume wangu akaifunua ile shuka kama anayemfunua mwari. Nikasikia vidole vya yule mzee vikipita juu ya mti, vikipita, vikirudi, kama kipofu anatafuta kitu.

"Alama zake ziko wapi?" akauliza.

Mume wangu hakufahamu. Akadhani anaulizwa ya springi. Akaifungua bunduki, akaifyatua tupu, ta!, kumwonesha inavyofanya kazi.

Ule mti, kumbe, tulikuja kuambiwa, marehemu aliukata kwa kisu chake mwenyewe alama ya kabila lao. Ule weusi uliokuwa pale penye shavu na mkono ulikuwa jasho lake na damu yake. Ile ngozi iliyotupwa ilifungwa na mama yao, mbichi, ikakaukia pale. Na maiti yake haikurudi. Hawakuwa na kaburi la kulizuru. Walikuwa na mti ule.

Yule mzee hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele, angetutukana, angempiga. Aliifunga bunduki katika shuka polepole, akasema kwa Kiarabu, "Nimempa mgeni ndugu yangu amwoshe." Akatoka. Kahawa ilikuwa bado mkononi mwangu.

Tulimfuata kila siku. Mume wangu alimpelekea ile sum'a iliyopasua jiwe, akaipokea, akaitia ndani, akamwitishia kahawa na halwa. Heshima zote tulipewa. Ila kila akitajwa mama yangu, yule mzee aliangalia mlangoni. Kwa wakubwa hakwenda. Mwaka ukapita, na mwengine. Kupeleka salamu nyengine Unguja, kusema mama usijitayarishe tena, sikuthubutu. Nilijidanganya kwamba labda kesho atalegea. Na mume wangu, badala ya kuachana na machuma yale, ndiyo akazidi. Alizunguka kwa Mabedui akitafuta bunduki yenye alama kama zile, akidhani akimpelekea ami atasamehewa. Alilala mchana, hakuzungumza, mikono inanuka mafuta. Nikamwambia, "Umekwisha mpata mama yangu humo mtutuni?" Alikuwa mtu mwema, na nilimchukia.

Mwaka wa sabini serikali ikageuka, na milango ikafunguliwa. Kila mtu alitoa bunduki yake akapiga hewani. Mume wangu alipiga zote za ukutani, moja baada ya moja, analia na kucheka. "Sasa hatumhitaji mtu!" akipiga kelele. "Mama anakuja kwa miguu yake!"

Jamaa wa Unguja wakaanza kuwasili. Kila wakija niliwauliza. Miezi ikapita, hadi akaja mwanamke aliyekuwa jirani wa mama mlango kwa mlango. Nilimkaribisha ndani, nikamvua buibui kwa mikono yangu. Akakaa, akanitazama.

"Salamu zako zilifika," akasema. "Ee, alifurahi yule! Siku ile ile aligawa sufuria zake. Kitanda kampa mjukuu wangu. Nyumba akawarudishia wenyewe, akaja kukaa ukumbini kwangu, kwa siku mbili tatu, alisema. Kila nikitaka kumtandikia godoro ananambia, usijisumbue mwanangu, mie mpita njia, wananijia. Miaka miwili na ushei alilala mkekani. Mwaka jana alipozidiwa, asubuhi yake ya mwisho akanambia nimvishe viatu. Nikamvisha."