Mteremko Wangu wa Mang'ula

Jamani, mteremko wangu hauna mteremko tena!

Kile kiwanja cha Mang'ula nilichokichorea nyumba ya kushuka na mlima. Umeme wa sola, tangi la maji ya mvua juu, maji yateremke yenyewe hadi jikoni.

Leo nimekikuta tambarare kama jaruba la mpunga.

Dereva wa tingatinga ananichekea: "Shikamoo mama. Baba Neema alisema tumalize kabla hujaja."

Mume wangu mwenyewe! Nikampigia.

"Mama Neema, sisi watu wa Ifakara tunajenga pa tambarare. Ndugu zangu wangenicheka."

Nyie mngemjibu nini? Mimi nilikata simu.

Na mchoro alikuwa anausifia, jamani! Pa kuweka chumba cha watoto alipachagua yeye.

Hapo hapo ndipo tingatinga limeegeshwa.