Gari la Baba Mkwe Lililokuwa Likiwaza

Baba mkwe alinunua gari kwa pesa za kahawa, na gari lenyewe ni lile lile nililokuwa nikiliendesha mimi kazini Iringa kabla sijaolewa. Ukweni kila mtu alijua hivyo. Lakini aniulize linaendeshwaje? Thubutu!

Kwa Wanyakyusa wa miaka ile ya sabini, mkaza mwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawachekeani, hawaonani kabisa. Akipita uani, mimi natumbukia migombani. Sauti yangu asiisikie, uso wake nisiutazame. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, kwetu baba mkwe unamwamkia kwa adabu halafu kila mtu anaendelea na shughuli zake. Mwaka wangu wa kwanza kule milimani karibu na Tukuyu niliumaliza nikiwa nimejibanza nyuma ya vitu. Mume wangu ndiye aliyenipeleka huko, kisha yeye akarudi zake kwenye malori ya Zambia. Wanaume bwana!

Sasa hilo gari. Lilikuwa jipu kubwa la dizeli la bosi wangu, mzungu mmoja mhandisi wa barabara. Gia zilijibadilisha zenyewe, klachi halikuwa nayo. Mzungu hakuridhika, akalifungia na tabo, kile kidude cha kuisukumia injini hewa ili ipate nguvu. Balaa lilianzia hapo. Ukikanyaga mafuta, gari halijibu. Linakaa. Linawaza. Ukishakata tamaa ndipo tabo inashika, na gari linachupa kama paka aliyekanyagwa mkia. Bosi alinifundisha nisilikanyage, niliguse tu, nisubiri, litaondoka lenyewe. Nikawa nalipeleka benki na posta bila taabu yoyote.

Baba mkwe udereva aliujulia kwenye lori la kahawa. Yeye alikanyaga mafuta mpaka chini. Kimya. Akaongeza matusi. Gari likachupa, na kwa hofu mguu wake wa kushoto ukakimbilia klachi ya lori, ukakuta breki. Abiria wote wakaenda kubusu kioo! Kijiji kizima kikasema gari la mzungu lina mapepo. Mimi huko migombani nilicheka mpaka nikalishika tumbo, maana tumbo nilikuwa nalo tayari.

Kicheko kiliniisha siku uchungu uliponianza. Mkunga alinipapasa, akasita, akamwambia mama mkwe kuwa mtoto amekingama, hapa hatoki, nipelekwe Mbeya leo hii. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na gari lilikuwa hilo moja tu. Mama mkwe akafunga shuka kati ya viti vya mbele na vya nyuma, akakagua kama halina tundu, ndipo nikaingizwa. Mimi nakufa, wao wanafunga shuka!

Mama mkwe alikaa nyuma pamoja nami. Gari lilipochupa mara ya kwanza nikamwambia, "Mama, mwambie asikanyage, aguse tu."

Mwanamke yule alikuwa na adabu zake. Kwanza alimwita mumewe kwa heshima, akamwamkia kana kwamba hawakuamka nyumba moja, akamweleza kuwa kuna neno, na neno lenyewe halitoki kwake. Kabla hajafika kwenye kugusa, gari likachupa tena, breki ikapigwa, nikagonga kichwa mlangoni. Ujumbe wangu ulichelewa kuliko hiyo tabo.

Tulikwenda hivyo hivyo mpaka mlimani, na huko kwenye kona gari likakwama, tope juu ya magurudumu, korongo upande wa kushoto. Baba mkwe akakanyaga. Likawaza. Akakanyaga zaidi. Likachupa, magurudumu yakazunguka bure, na nyuma kukaanza kuteleza kuelekea korongoni. Nilisikia mawe yakiporomoka chini yangu. Niliogopa jamani, niliogopa kweli, kwamba nitakufa na mwanangu kwa ajili ya shuka.

Hasira za Kihehe zikapanda. Nikalivuta lile shuka likachanika.

"Baba! Huo mguu wa kushoto, ukalie!"

Mama mkwe akajifunika kanga usoni. Kisogo cha mzee kiliganda.

"Ukalie nimesema! Usiutumie tena mpaka Mbeya!"

Akaukunja, mzee mzima, akaukalia.

"Sasa gusa mafuta. Gusa tu. Subiri. Usiongeze! Subiri..."

Gari likawaza. Kisha tabo ikashika taratibu, magurudumu yakauma chini, tukapanda. Kila kona nilimpigia kelele, katikati ya kelele zangu nyingine.

Mbeya nilipasuliwa, akatoka msichana, mzima, mwenye hasira. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Lakini nililala pale nikijua kosa nililolifanya, na kwamba wapo waliorudishwa kwao kwa dogo kuliko hilo. Mama mkwe alileta uji, akaniambia nisilie. Baba mkwe hakutuma neno. Nikaanza kujiandaa moyoni kurudi Kilolo na mtoto mgongoni.

Siku ya kutoka hospitali nikakuta shuka jingine limefungwa, zito kuliko la kwanza. Haya, nikajisemea, hukumu ndiyo hii. Nikaingia nyuma na mtoto wangu. Injini ikawashwa, na gari halikuondoka. Tulikaa tu. Nikainama nikachungulia chini ya shuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umekaliwa. Wa kulia ulikuwa hewani, juu ya mafuta, umetulia.

Mama mkwe akafungua mdomo aulize kuna nini. Mzee akamnyamazisha. Kisha sauti yake mwenyewe, bila kupitia kwa mtu yeyote, ikatoka upande wa pili wa shuka.

"Mama, niguse sasa?"