Mwizi aliyenikuta mvunguni ni mtoto wa jirani, na mtaa ukanitaka nikaseme mahakamani sikumuona

Krrk. Kimya. Krrk tena.

Huo ni mlio wa nondo ya dirisha inapindwa kwa jeki ya gari. Nnao masikioni mpaka leo.

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mie mtoto wa Mpendae, Unguja, shule nimeishia kidato cha pili, mkikuta maandishi yamepinda nyoosheni wenyewe. Majina nimeyageuza. Ya wizi wenyewe nilishayaapia kwa Msahafu mbele ya hakimu, sina cha kuongeza.

Ilikuwa asubuhi, mtaa mzima uko mazikoni, na mama pia. Mie nimebaki nashona gauni la mtu kwa cherehani changu cha umeme. (Ndoto yangu duka la nguo za maharusi pale Darajani. Jina la duka nshalichagua, bado duka tu.)

Umeme ukakatika. Nikaenda kujilaza chumbani kwa mama, nyumba ikawa kimya kama haina mtu.

Ndipo krrk.

Watu hunambia, mbona hukupiga kelele? Jamani, sauti hukimbia kabla yako. Niliingia mvunguni.

Nikamsikia anaruka ndani na wallahi akasema "Bismillahi". Hata kwenye hofu ile nikajiuliza, huyu kazi gani anaianza kwa jina la Mungu?

Akaja chumba nilichopo. Akapekua kabati. Bangili ya mama ikamponyoka, ikabiringika mpaka mvunguni kwangu.

Akainama kuifuata.

Alikuwa Haji, mtoto wa Bi Mwanaidi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tumecheza pamoja tangu tunatambaa. Tukatazamana. Akaweka kidole mdomoni, taratibu, kama tunacheza kibemasa, ule mchezo wa kujificha. Akasema, "Hujaniona." Akaiokota bangili pembeni ya mkono wangu, akabeba na cherehani, akaondoka.

Mama aliporudi nikamwambia. Tukaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kisha polisi. Cherehani kikapatikana kwa fundi mmoja upande wa mjini Ng'ambo, anasema kauziwa na mtu asiyemjua. Maana yake ushahidi wa kumgusa Haji ulikuwa mmoja: macho yangu.

Haji akakamatwa, akapata dhamana. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza.

Kila nikifungua mlango yuko barazani ng'ambo ya njia. Hatukani, hatishi. "Dada, hujambo?" Kisha kidole mdomoni, anacheka. Nikaacha kwenda dukani. Nikaacha kuanika nguo nje.

Kesi nayo inaahirishwa tu. Leo hakimu ana udhuru, kesho askari mpelelezi hakuja. Na kila tukiitwa, Haji anakaa benchi moja na mie, karibu nasikia anavyopumua.

Mwanasheria wa serikali, dada mmoja mpole, akanambia huyu kashawahi kushtakiwa kwa kuvunja nyumba, na kesi zikafa. "Walioibiwa walikuja wenyewe wakasema hawakumbuki. Kesi hizi haziuliwi hapa. Zinauliwa huko mitaani kwenu, hapa zinaletwa kuzikwa."

Kwa mlio bara: huku tuna kitu kinaitwa muhali. Ile kushindwa kumkatalia mtu mnayezikana naye, hata akikuomba kinachokuumiza.

Kabla ya siku yangu ya ushahidi kinamama wakaja nyumbani. Mbele Bi Mwanaidi, aliyemuosha bibi yangu alipofariki. Nikamwamkia shikamoo, akanishika mikono huku analia.

"Nisitirie mwanangu. Haji ni nduguyo."

Mama yangu naye akaanza kulia. "Kaseme hukumuona vizuri. Mvunguni kiza."

Jirani mwingine akadakia, "Au wataka ujulikane? Gauni la Bi Saada mpaka leo mkono mmoja mrefu, leo umekuwa mtu wa korti."

Nikaitika naam, naam, nikakimbilia jikoni kutia chai.

Bi Mwanaidi akanifuata, eti kuchukua vikombe. Hili hata mama sijamwambia.

"Mbele za watu nimekuomba," akasema kwa sauti ya chini. "Nisingekuja, wangesema mama gani yule. Sasa nakwambia mie. Nguo za marehemu baba yake kaziuza. Usiku nnalala kabati nimelisukumia mlangoni, namuogopa niliyemzaa. Kaseme ulichokiona."

Akabeba sinia. Akarudi ukumbini akaendelea kulia.

Siku ya mahakama nikaitwa mbele. Mama na Bi Mwanaidi wamekaa nyuma. Nikaulizwa, uliyemuona yupo hapa ndani? Haji kizimbani anajikuna mdomo kwa kile kidole.

Hakimu akainua kichwa.

"Yupo. Yule pale."

Haji hakuwa na wakili, kwa hiyo maswali alikuwa aniulize mwenyewe. Hilo sikulijua. Akanitazama, akauliza kwa upole, "Dada, wewe unanichukia?"

"Sikuchukii. Nakuogopa."

Nikaiona kalamu ya hakimu inaandika.

Alitiwa hatiani, akapelekwa Chuo cha Mafunzo, ndo jela zetu huku. Cherehani kilikuwa kielelezo, nikarudishiwa baadaye kina vumbi. Wa kuniletea nguo wamepungua. Mama anasema na mie kwa mambo ya lazima tu. Na Haji atatoka siku moja, nalijua hilo kila nikifunga mlango.

Funzo nililopata: mkimwambia mtu "yamalizeni nyumbani", muulizeni kwanza kama humo nyumbani analala usingizi. Na anayekuja kukuombea mwizi, pengine naye ameibiwa, hana tu pa kusemea.

Nyie mngesimama pale mngesemaje? Waliopitia haya waniambie, hofu huondoka au mtu huizoea tu?

Bi Mwanaidi tangu hukumu hatoki nje kwa aibu, uwanja wake umejaa majani. Jana baada ya sala ya alfajiri, njia ikiwa haina mtu, nilichukua ufagio nikamfagilia mpaka mlangoni. Sikupiga hodi. Nikarudi ndani.