Maumivu ya Baba Mkwe

"Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu ya kufa," nesi alimwambia baba mkwe wangu. "Wewe uko ngapi?"

"Mbili."

Mbili, jamani! Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, ameuma kofia yake kwa meno, magoti yanagonga kitanda, na bado ni mbili! Nilitaka kupiga kelele. Lakini mimi ni mke wa mwanawe, na kwetu mke wa mwana hamkosoi baba mkwe mbele za watu.

Mume wangu ni bawabu Nairobi, kwa hiyo mambo ya mzee ni yangu. Asubuhi hiyo nilimkuta amejikunja kando ya shamba la miwa, kule kwetu upande wa Butali, anatapika. Nikamwomba jirani atuletee gari lake, Probox, tukaja hospitalini mjini Kakamega, mzee kiti cha mbele, mimi nyuma kabisa. Hatusalimiani kwa mkono. Tangu niolewe sijaketi kitandani kwake, wala yeye hajawahi kukanyaga chumbani kwangu. Tunapendana hivyo hivyo, kwa mbali, na nampenda sana.

"Wapi panauma?" nesi akauliza.

Mzee akanitupia jicho. "Tumbo. Hapa juu. Naumwanga tu kidogo, halafu inaisha."

Basi akapewa dawa nyeupe ya vidonda vya tumbo, akaambiwa angoje kwenye benchi. Simlaumu nesi. Mtu mzima akikuambia mbili, utampa dawa ya kumi? Mzee akaketi, akainuka, akazunguka benchi, akaketi tena. Watu wakaanza kumtazama kama mlevi, nami nikawatazama wao hadi wakageuza macho.

Daktari mmoja wa kike alipita, akasimama, akamrudisha mzee kitandani. "Wewe ni binti yake?"

"Mke wa mwanawe."

"Ahaa. Basi mama, hebu toka nje kidogo."

Hakuhitaji kunieleza zaidi, alikuwa mtu wa huku. Nilisimama nyuma ya pazia la kitanda, na hapo hapo nikasikia yote. Kwamba maumivu yanaanzia mgongoni, chini ya mbavu, yanashuka mpaka kule ambako mzee hawezi kukutaja mbele yangu. Kwamba tangu jana mkojo ni mwekundu. Daktari akamuuliza tena, ni ngapi?

"Kumi," akasema, na akaanza kulia.

Wololo! Siku tulipomzika mama mkwe, huyu mzee alikuwa anapanga viti vya wageni. Sasa analia, na mimi nimesimama pale nasikia kitu ambacho sikupaswa kusikia maishani.

Lilikuwa jiwe, limekwama kwenye mrija wa figo. Walipompiga skani na kumpima damu, daktari alinieleza, maana mzee alikuwa amefunga macho. Kwa jiwe, alisema, sindano wanayoikimbilia kwanza ni diklofenaki, kwa sababu inatuliza pale pale jiwe linapobana. Lakini figo ikishachoka, diklofenaki inaimaliza. Na za mzee zimechoka. "Amekuwa akimeza dawa gani?"

Nilijua. Vidonge vya dukani, vile vya mgongo, anavyomeza kabla ya kwenda kulima na anaporudi. Vilikuwa diklofenaki hiyo hiyo. Miaka yote hiyo alikuwa anajinyamazisha kwa dawa, na leo anapoihitaji kweli, amekwisha kuitumia yote.

Wakamtundikia dripu ya parasetamo. Ilimpa nafasi ya kuvuta pumzi, basi. Muda si muda akaanza tena kujinyonganyonga.

"Imebaki mofini," daktari akasema.

Mzee akafungua macho. Hakumtazama daktari, alinitazama mimi. Mama mkwe alikufa na saratani, na mimi ndiye niliyekuwa nampimia mofini ya maji, asubuhi na jioni, huku mzee ameketi mlangoni anaangalia mkono wangu. Kwake hiyo ni dawa ya kumsindikiza mtu.

"Hapana," akasema. "Hiyo hapana."

Daktari alimweleza taratibu kwamba mofini haiui mtu, ikipimwa vizuri inaondoa maumivu tu, pengine itamletea usingizi na kichefuchefu. Mzee akatikisa kichwa. Mimi nikarudi nyuma ya pazia, nikaomba Mungu. Ala, mtu akatae msaada namna hii mpaka lini?

Halafu nikasikia sauti ambayo hata sikuijua. "Mama! Mama weee, waambie wanichome!"

Ni mimi aliyekuwa akiniita. Nikaingia. Alikuwa amejifunua bila kujua, nikageuza uso, nikasema, "Mchomeni." Akachomwa. Baada ya kitambo mikono yake ikalegea, akalala mdomo wazi. Kati ya dawa zote tatu alizopewa, hiyo ndiyo iliyomsaidia, na kwa hiyo hiyo hatanisamehe.

Jiwe bado limo. Kulitoa ni hospitali nyingine, na huko tumepangwa foleni ambayo haisogei. Tulirudi nyumbani na chupa ndogo ya mofini ya maji, iko juu ya kabati, kifuniko hakijafunguliwa. Mzee hali tena chakula changu nikiwepo. Namwekea obusuma, ugali wetu, kwenye meza, natoka, ndipo anakula.

"Baba, unaumwa?" namuuliza kutoka uani.

"Kidogo tu."

Siku nyingine namwona anaingia katikati ya miwa bila panga. Hana kazi huko bila panga. Nami naingia jikoni, nafungua redio kwa sauti ya juu kabisa, ili alie akijua kwamba simsikii.